Jina la Gatwiri Ubaoni

Alhamisi, Julai. Ukungu umefunika Githongo tangu asubuhi, hata mikahawa ya ng'ambo ya barabara haionekani. Viatu vyangu vimelowa. Moyo, hata hivyo, ni mweupe kabisa.

Nilikwenda shuleni nikiwa na hofu. Mwalimu mkuu alikuwa amemwita Mama Gatwiri atoe jibu la mwisho: binti yake aendelee na masomo, au aende Runyenjes kwa shangazi yake akamtunzie kuku.

Gatwiri yuko darasa la tano. Alizaliwa na ulemavu unaomfanya aongee polepole, neno moja moja, shingo ikikaza. Akili yake haina shida yoyote. Lakini walimu walimhurumia mno. Hakuulizwa swali, hakupewa zamu ya kufagia, hakukemewa.

Mwezi uliopita mama yake aliniambia, "Mtoto wangu huenda shule kama mgeni. Anakaribishwa, anakaa, anarudi nyumbani."

Sijasahau maneno hayo.

Mimi ni mshauri wa ujumuishi na usawa. Shule huniita niwasaidie walimu wasimwache mtoto yeyote nje ya masomo. Ushauri wangu hapa ulikuwa mfupi: muulizeni, kisha mumsubiri. Mwalimu Murithi, mwenye darasa, alicheka. "Madam, na silabasi itamsubiri nani?" Akakubali kujaribu, lakini nakiri nilirudi nyumbani bila matumaini makubwa.

Leo Mwalimu Murithi alitoka darasani kutupokea, mimi na Mama Gatwiri. Tulipoingia pamoja naye, monita alikuwa ameshaandika ubaoni majina ya wapiga kelele.

La kwanza lilikuwa Gatwiri.

Mwalimu alikimbilia dasta, aibu imemjaa usoni mbele ya mzazi. Nikamshika mkono.

"Gatwiri wangu?" mama akauliza. "Kelele?"

"Amezidi, mama!" monita akajitetea. "Ametuhadithia vile jogoo wenu alimkimbiza pasta mpaka kwa shamba la chai. Tukanyamaza wote tumsikie. Alipomaliza, darasa likalipuka!"

"Na hiyo ni kweli," mama akasema, akijaribu kuzuia kicheko. "Pasta hajarudi kwetu mpaka leo."

Watoto walimsubiri Gatwiri amalize. Hakuna aliyemmalizia neno. Hilo sikuwafundisha mimi. Walimwona mwalimu wao akifanya hivyo kila siku, wakaiga.

Adhabu ya wapiga kelele ni kufagia darasa. Mwalimu aliniangalia, kana kwamba anauliza kama amsamehe.

"Gatwiri," akasema, "chukua ufagio."

Aliuchukua akinuna kama wenzake wote, na kwa kununa huko nilitaka kumkumbatia.

Mama yake aliketi kwenye ngazi za nje. Mwalimu mkuu alipokuja kuuliza jibu, mama alimwambia, "Ngoja kwanza, mwalimu. Mtoto bado ana adhabu." Kisha akafuta macho kwa ncha ya leso. "Na huyo shangazi atafute mtu mwingine wa kuku."

Najivunia siku ya leo. Nimeandika ripoti nyingi nzuri ambazo hazikubadilisha hata dawati moja.

Kesho naitwa shule nyingine, karibu na Majengo, kwa ajili ya mvulana asiyeona. Wanasema anatunzwa vizuri sana, hasumbuliwi na mtu.

Nitaanza kwa kuuliza: jina lake limewahi kuandikwa ubaoni?