Shikamoo ya Mlangoni

Nyumbani, nyuma ya karakana,
Jumapili, baada ya mvua

Mpendwa mjukuu wangu Mwalimu,

Leo sikuiti mume wangu. Mume wa kunitia aibu mbele ya watoto wa shule simtaki, na utani wetu nimeufungia kabatini mpaka nimalize kusema.

Lakini hujambo? Mkeo hajambo, na kifua cha mtoto kimepona? Sisi huku wazima, goti langu tu ndilo lenye maneno yake. Tunamshukuru Mungu.

Sasa kaa kitako. Chiriku, mtoto wa dada yako, yule asiyefunga mdomo hata akiwa anatafuna, ameacha kuamkia watu. Alianza kwangu, akafuata kwa jirani, mwisho hata kwa fundi wa karakana anayempa njugu. Nikimwuliza shikamoo yangu iko wapi, ananitazama tu, macho yanajaa maji. Nikasema shule imemharibu adabu. Nikavaa viatu vyangu vya harusini, nikaenda kumpa mwalimu wake vidonge vyake.

Nilifika watoto wanaingia darasani. Mlangoni pana kigoda, na juu yake amekaa Chiriku wangu, mikono magotini. Kila mtoto akipita anainama: "Shikamoo, Mkia." Naye sharti aitikie marahaba, na sauti isipotoka wanarudia. Wanacheka. Mwalimu wake yuko ubaoni anafuta chaki, kama mtu anayesikia mvua.

Mjukuu wangu, nilisahau hata goti. Neno la heshima wamelifanya kofi. Nikamwuliza yule kijana, huu ni ualimu gani? Akanisogezea kiti, kwa adabu zote.

"Bibi, ni kumtia moyo. Aliyeshika mkia kwenye jaribio anakaa pale mpaka jaribio lijalo, apate uchungu wa kusoma. Tena si langu hili, nimelirithi kwa mjomba wake, aliponifundisha humu humu. Mimi mwenyewe nilikaa pale, na leo ni mwalimu."

Mjomba wake. Yaani wewe.

Mimi niliyekusifu mtaa mzima kwamba unajua kutia watoto moyo. Ndipo nikaelewa kwa nini kinyozi wa hapo kona, aliyesoma kwako pamoja na kijana huyo, kila nikikutaja anaongeza sauti ya redio. Nilipita kwake nikamwuliza. Hakuzima hata mashine. Akasema, "Nilikaa pale mpaka nikaacha shule, Bibi," akamwita mteja anayefuata.

Aliyeinuka pale akawa mwalimu mnamwonyesha watu. Aliyeinuka akaenda zake, nani alimfuata?

Na wewe ulipokuwa mzito wa kusoma, unaziita herufi zote jina moja, nani alikukalisha mlangoni? Nilikuweka ubavuni mwangu nikichambua mchele. Ukikosea nakwambia rudia, ukipatia nakupiga bega, nawe unavimba kama mkuu wa wilaya. Hukukumbuka hata siku moja?

Yule kijana nilimwamuru akitoe kigoda. Akasema, kwa aibu, kwamba hawezi kuondoa jambo la mwalimu wake bila kusikia kwake mwenyewe. Ndivyo ulivyomfundisha, hata kuliona baya kuwa baya anaomba ruhusa. Chiriku naye amesema kesho haendi, wala simlazimishi. Analala na sare chini ya mto, basi ujue shule anaitaka. Ila mlango ule hapiti tena kigoda kikiwapo.

Msalimie mkeo, na mama mkwe wako mwambie miwani aliyonitumia imefika salama. Shangazi yako anawabusu watoto. Mungu akulinde njiani, maana njiani ndiko utakakokuwa.

Usinijibu kwa barua. Panda basi la kwanza. Ukitoe kile kigoda kwa mikono yako, watoto wote wakiona, Chiriku akiwa amesimama kando yangu. Kisha ukibebe mpaka kwa kinyozi, ukikalie pale mlangoni kwake, na umwamkie wewe.

Akupendaye hata akikukasirikia,
Bibi yako, na si mkeo mpaka kigoda kitoke