Mama, Siku Ile Sikuwepo

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini kuanza kukuandikia bila kukuamkia ningeona haya.

Nyumba ya Chumbageni iko salama. Mwezi uliopita upepo uligeuza dishi, picha ikapotea kabisa. Safari hii hatukupandisha mtu juu ya bati huku mwingine akipiga kelele sebuleni, "Bado, bado, rudisha kidogo!" kama ulivyokuwa ukituamrisha. Fundi alikuja na simu yake, ikamwonyesha setilaiti iko upande gani, akakaza skrubu mbili tatu, akanywa chai akaondoka. Kunguru ndio wale wale. Juzi mmoja alitua pale juu, nikakusikia kabisa ukimfokea, "Toka hapo, miye naangalia Makka!"

Majirani bado wanakuita Hajati wa Dishi. Siku hizi wanakuja kuangalia tamthilia yao ya Kituruki bila hofu, maana mwenye rimoti hayupo. Nilidhani nitapumua. Wapi! Alasiri ikifika naweka ile stesheni yako mwenyewe, nakaa kwenye kiti chako, nawatazama watu wakiizunguka Kaaba mpaka machozi yananijia.

Mama, nina neno ambalo sikuweza kukwambia ukiwa hai.

Unakumbuka nilipokwenda Umra. Nafasi ilikuwa yako, ukasema magoti yako yatakurudisha njiani, niende miye. Tukaagana kwamba siku ya mwisho, baada ya swala ya Alasiri, nisimame karibu na ile taa ya kijani ya pale wanapoanzia kuizunguka Kaaba, nipunge kanga ya manjano, nawe unione kwenye televisheni. Wakati ulipofika ukapiga simu. "Zuhura, nakutafuta mwanangu, punga!" Nikajibu, "Napunga, mama." Ukanyamaza kidogo, kisha ukapiga kigelegele. "Nimekuona! Kwa macho yangu haya! Haya, toka juani, nenda kapumzike."

Sikuwepo, mama. Umra yenyewe nilishaimaliza, alhamdulillahi, lakini siku ile uliyoingoja wewe nilikuwa hotelini, nimejifunika mablanketi mawili, homa imenishika tangu alfajiri. Kanga ilikuwa kwenye begi. Niliona aibu kukwambia kwamba nafasi uliyonipa nimeilalia kitandani.

Niliporudi Tanga nikakuta mtaa mzima unajua. Kila mgeni ulimsimulia pale kibarazani jinsi nilivyopunga, nami nikiinamia kikombe changu. Miaka minne! Kila siku nilijiambia nitakwambia kesho. Hata tukakuzika, na uongo wangu nikarudi nao nyumbani mzima mzima. Kilichonila roho ni kwamba umeondoka duniani umedanganywa na mwanao wa kumzaa.

Jumamosi Mama Mdogo Mwanaidi alikuja kutoka Tongoni. Siku ile ya simu alikuwa amekaa nawe sebuleni. Tulikuwa tunachagua mchele, akaanza tena kisa cha kanga, nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia yote. Akacheka, mama! Akaweka ungo chini, akasema, "Mamako alijua. Alipokata simu tu aliniambia, 'Zuhura mgonjwa yule. Watu wote wale wanazunguka, na kwenye simu hata wa kukohoa hakuna. Nikimbana atajikokota aende juani. Mwache alale.'" Kisha, anasema, ulichukua tasbihi, hukuiachia hadi Magharibi.

Kumbe hadithi yote ile ya kibarazani ulikuwa ukinisitiri. Nililia na mchele mapajani, Mama Mdogo akinifuta kwa ncha ya mtandio wake. Na nimekukasirikia pia, nisamehe. Ungenibana siku moja tu, tungecheka wote wawili, na mimi ningekuomba radhi mkono wako ukiwa mkononi mwangu. Sasa nakuomba radhi kwa karatasi.

Rahma wangu yuko Dodoma, chuoni. Jana alinipigia, nikamwuliza hali, akasema mzima. Lakini alimeza mate kwanza, na neno "mama" alilitamka kama mtu anayetafuta pa kuegemea. Nusura nimwambie, sawa mwanangu, kapumzike. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikayameza, nikamwambia, "Weye si mzima." Akaangua kilio, akalia muda mrefu, nami nikamsubiri.

Basi ninakuahidi hili, mama. Ulinifundisha kusikia, na nitasikia. Ila mimi nikishasikia sitanyamaza, nitamfuata mtoto hukohuko aliko. Wewe magoti yalikuzuia. Mimi ya kwangu bado yananibeba.

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako, akuwekee nuru ndani yake. Pumzika, mama yangu. Basi la Dodoma linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, na begi nimeshalifunga.

Mwanao,
Zuhura