Tetea Niliyempelekea Ferdinand

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Ferdinand, huna haya! Mkurugenzi mzima wa shule ya Kiingereza, unamwoshesha mwalimu gari lako mbele ya watoto aliowafundisha hesabu asubuhi! Mwalimu mwenyewe ni Enesi, mpangaji wangu, mtoto wa Nakonde hapo ng'ambo ya mpaka. Nimemuuliza, mbona hukukataa? Kumbe pasipoti na kibali chake cha kazi viko kwenye droo ya Ferdinand. Akikohoa tu anaambiwa kibali kitafutwa, arudi kwao na begi kichwani.

Mimi niliishia darasa la nne. Lakini hata mimi najua kuosha gari si hesabu.

Jumanne, 9 Septemba
Leo kakataa ndoo. Safi! Ferdinand kafoka: aandike barua ya kukiri utovu wa nidhamu, la sivyo kibali hakuna.

Na mama yake Enesi kalazwa Nakonde. Nakonde! Chai haijachemka umeshafika. Mimi navuka kununua sukari, hakuna anayeniuliza jina. Mbuzi wa jirani wanavuka. Mwenye kibali ndiye asiyeweza — akivuka bila ruhusa ya Ferdinand, asirudi.

Jumatano, 10 Septemba
Nimekwenda mwenyewe kwa Ferdinand. Kitenge kipya, tetea wangu mweusi kwapani. Kwa mkubwa huendi mikono mitupu. Nikasema, mwanangu, mpe mtoto pasipoti akamwone mama yake.

Akacheka meno yote nje. Akawaita walimu. "Mnaona? Kwetu Wanyamwanga anayetanguliza kuku ni mwenye kosa. Bibi kashakiri kwa niaba yake!"

Mjinga mimi! Miaka yote hii nawatoza watu kuku kwenye kesi za ukoo, leo nimejipeleka na faini mwenyewe. Enesi hakunilaumu njia nzima. Heri angenitukana.

Alhamisi, 11 Septemba
Conjesta, mpishi wa shule, kapita. Tetea yu hai, kataga kwenye kiti cha mkurugenzi. Nimecheka mpaka mbavu zikauma! Ila Jumapili anachinjwa, wageni wamealikwa. Akishaliwa, kesi imekwisha na kosa ni letu.

Nimemuuliza Raphaeli wa kwaya, aliyewahi kufanya kazi mpakani. Kasema pasipoti ni ya mwenyewe, si ya bosi, mwende uhamiaji mkaseme. Enesi anaogopa. Anasema, Bibi, wewe hawakufukuzi.

Kweli.

Ijumaa, 12 Septemba
Asubuhi hii dada yake Enesi kapiga simu. Mama kazidiwa, anamtaja yeye tu. Nimemkuta Enesi kitandani, barua ya kukiri gotini, kaandika mpaka mwisho, bado jina.

"Bibi, nisaini tu. Akifa sijamwona, kibali kitanisaidia nini?"

Kalamu tayari mkononi.

Weka kalamu chini, Enesi! Vaa viatu vya kanisani. Kwanza tukamtoe tetea wangu kwa Ferdinand, akiwa hai. Kisha moja kwa moja uhamiaji, na kuku kwapani. Inuka!