Nyuzi Kumi na Mbili, Vidole Viwili

Arusha, Jumatano asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo. Asalaam aleikum wewe na wote mliokaa hapo barazani kusikiliza, maana Zaituni namjua, hasomi barua mpaka nyumba ijae. Goti linaendeleaje? Mikorosho ya kule bondeni imeshaanza kuchanua au bado? Na ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, mnaitafuna bila hata kunikumbuka? Mimi nipo, napumua. Baridi ya huku inauma mpaka kwenye mifupa, lakini nipo.

Zaituni, mdogo wangu, nakuomba kitu. Tabia yako naijua, ukikuta neno zito unaliruka. Leo usiruke hata moja. Msomee mama yote.

Mama, nimeandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Ukisema tu "Hujambo mwanangu?" mdomo unakujibu "Sijambo, mambo safi" kabla sijafikiri. Kalamu angalau inanipa nafasi.

Unaikumbuka ile siku kabla sijapanda basi? Ulisema mtu haendi kwa watu mikono mitupu, nimchukulie korosho kiongozi wa bendi iliyoniita huku nije kupiga gitaa. Wewe ukaenda Nanyamba dukani, mimi nikabaki nyuma ya jiko nakaanga na kubangua. Uliniambia, "Paka majivu mikononi kwanza." Na mimi, Mmakonde mzima, niliyekulia kwenye mikorosho, nikaona majivu ni mambo ya wageni. Haraka zangu! Mafuta ya maganda yakanichoma vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha kati na cha pete. Kesho yake stendi ukaniuliza mbona mkono uko mfukoni, nikakwambia nasikia baridi. Baridi, Mtwara! Nawe ukaniamini.

Ngozi ilibanduka, na sugu zangu zote za kupigia gitaa zikaondoka nayo. Nilidhani wiki mbili zitarudi. Huku kila ngozi mpya ikiota, baridi inaipasua.

Sasa sikiliza nilichokabidhiwa. Si gitaa kama lile la baba mdogo, la nyuzi sita. Hili ni la umeme, lina nyuzi kumi na mbili zilizopangwa mbili mbili, na kidole kimoja kinakandamiza mbili kwa pamoja. Ukilegeza kidogo tu, mmoja unalia, mwenzake unakufa. Siku ya kwanza nilitaka kulia mimi.

Kilichoniokoa ni kisanduku cha chuma cha kukanyaga kwa mguu, wenyewe wanakiita kompresa. Waya wa gitaa unapitia humo kabla ya kwenda kwenye spika. Sauti ikizidi, kinaibana. Ikiwa ndogo, kinainyanyua na kuivuta isikatike upesi. Mama, lile gitaa likipita humo linameremeta, ungedhani wapigaji tuko wawili! Kiongozi wetu, Elibariki, alinionyesha kitufe cha kuzungusha, akakiweka robo tu. "Hii ni chumvi," akasema, "siyo ugali."

Mimi nikala chumvi. Kila kidole kilipozidi kuuma nilikizungusha kile kitufe kidogo kidogo, mpaka kikafika mwisho kabisa. Watu wakanisifu. Hata wewe nilikupigia nikakwambia wananisifu, ukapiga vigelegele. Nilikata simu nikakaa na aibu yangu.

Jumatatu tukiwa kwenye mazoezi, dada Neema, mwimbaji wetu, akasimamisha wimbo. "Wewe, gitaa lako lina pumu? Kila tukinyamaza linahema!" Ni kweli. Kile kisanduku ukikizidisha, pasipo na sauti kinanyanyua hata mivumo ya waya. Wakacheka wote, nami nikacheka, jasho linanitoka na baridi ile ile.

Elibariki hakucheka. Akainama, akaona kitufe kilipo. Akachomoa nyaya, akaunganisha gitaa moja kwa moja na spika. "Piga."

Nikapiga. Mama wee! Noti moja inatoka, mbili zinakufa. Watu wakaangalia chini.

"Vidole vina nini?"

"Baridi tu, kiongozi."

Uongo ule ule niliokupa wewe stendi. Akasema Jumamosi miezi yangu mitatu ya majaribio inaisha, na mwenye hoteli tunayopigia atakuja kusikiliza. Wimbo wa kwanza nitaufungua mimi, peke yangu, bila kisanduku. Nikishindwa, anamwita mpigaji mwingine kutoka Moshi.

Jana nilikwenda zahanati. Nesi alikifinya cha pete kikatoa usaha. Akasema nikipumzishe mwezi mzima, nisipofanya hivyo kitanitesa zaidi. Nikipumzika, nafasi imekwenda. Nikipiga, huenda kidole nacho kikaenda. Naogopa, mama. Kila nikiona watu wawili wanaongea pembeni nadhani wananijadili mimi.

Na katika kuwaza huko nikazikumbuka simu zangu zote kwako. Shida kubwa nilizibana zikawa ndogo, vicheko vidogo nikavinyanyua vikawa vikubwa. Kumbe hata wewe nilikuwa nakupigia kupitia kile kisanduku. Nisamehe.

Tena usije ukajilaumu kwa ajili ya zile korosho. Nakujua, utasema "ningejua nisingemtuma." Wewe ulisema majivu, kichwa kigumu ni changu. Na Elibariki alizimaliza kwa siku mbili, akauliza nyingine zinakuja lini!

Leo mchana, kabla ya mazoezi, namwonyesha vidole vyote viwili. Nitamwambia ukweli, hata habari ya majivu, acha acheke. Akiniondoa, aniondoe akijua ni kidonda, siyo akidhani sijui gitaa. Nikirudi nyumbani wiki ijayo nimeshika begi, usishtuke mlangoni. Nifungulie tu.

Nisalimie baba mdogo Hassani, mwambie gitaa lake asiliuze. Nisalimie bibi, na shemeji yangu wa Likombe aliyenipa lile sweta, bila hilo ningekuwa nimeshakauka. Zaituni, asante kwa kusoma, na kama umeruka popote nitajua.

Mama, ukinipigia, usiniulize kama sijambo. Niulize vidole.

Mwanao,
Rajabu