Dawa Niliyokuahidi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Kwanza nikujulie hali: usingizi unakuja siku hizi, na lile goti limepunguza ukorofi? Binti yako aliniambia umerudi kwenye cherehani, nikafurahi, maana cherehani yako ikinyamaza nyumba nzima huwa kama mgonjwa. Mimi mwili wangu mzima. Mengine utayasoma mbele, na nakuomba uyasome ukiwa umekaa.

Barua hii anaileta muuguzi ninayepanga naye nyumba moja. Nimejaribu kukueleza kwa simu mara tatu. Kila ukipokea unaniita mganga wako, unacheka, basi naishia kukuuliza habari za mvua.

Uliwahi kuniuliza hapa chuo kikuu nafanya nini hasa. Nafuga seli, Shangazi. Ni chembe hai za saratani ya titi, zilizotolewa kwa mgonjwa miaka mingi iliyopita, na bado zinaishi ndani ya chupa bapa za plastiki. Nazilisha maji ya rangi ya waridi, nazilaza kwenye kabati lenye joto la mwili wa mtu, kisha nazitilia dawa tunayoijaribu na kuhesabu zilizokufa. Mkuu wa maabara tunamwita Bi Rudia, kwa sababu hata umpelekee jibu tamu namna gani, atakuambia urudie. Mwaka jana nilirudia mara tisa, na mara zote tisa seli zilikufa. Bi Rudia alinikumbatia mbele ya watu. Nilikupigia wewe kwanza, kabla hata ya Baba.

Ndipo nawe ukanieleza kuhusu uvimbe kwenye titi lako. Ulisema ni mdogo kama punje ya kunde, hauumi, ila hospitali wanataka upasuliwe mapema. Nikakwambia usubiri kidogo, dawa ya mwanao iko njiani. Ulifurahi mno. Nasikia majirani walipokuhimiza uende, uliwajibu: "Mwenye daktari nyumbani anakimbilia kisu cha nini?"

Sasa sikiliza. Tulipokuwa tunajiandaa kuchapisha matokeo, nilipeleka seli zetu kwenye maabara nyingine zithibitishwe asili yake. Ni utaratibu tu, kama kupima kitambaa kabla ya kukata. Jibu likarudi kwamba hizo si seli za titi. Zamani, pengine kwa tone moja la mtu aliyechoka, seli za uvimbe mwingine ziliingia chupani, zikaota kama magugu hadi zikazimaliza zile za mwanzo. Dawa yetu ilikuwa inaua kitu kingine kabisa. Kuhusu titi hatujui lolote.

Nilimpelekea Bi Rudia karatasi ile. Aliisoma akiwa amesimama, nami nikangoja aseme neno lake. Hakulisema. Alivua miwani, akaniomba nifunge mlango nikitoka.

Miaka sita ya kazi ya watu wanane iliishia hapo. Hakuna aliyenitupia lawama, lakini nikiingia chumba cha chai vijiko vinaacha kugonga vikombe. Mwenzangu wa meza moja amehamia maabara nyingine. Aliaga kwa karatasi aliyoibandika kwenye friji. Mkono mtupu haulambwi. Mchana nakula nimesimama dirishani, na kuna siku inafika jioni sijasikia sauti yangu mwenyewe.

Nimezunguka vya kutosha. Shangazi, haya yote nayajua tangu wiki saba zilizopita. Jumapili zote saba umenipigia, umeniuliza dawa imefika wapi, na mara zote saba nimesema inakuja. Natamani ningeweza kusema nilikuwa nakuhurumia. Ukweli ni kwamba duniani alikuwa amebaki mtu mmoja tu anayeniona nimeshinda, na sikutaka kumpoteza. Jumapili iliyopita uliniambia uvimbe umekuwa kama limau. Nikakwambia uvumilie. Nilipokata simu nilikaa sakafuni, nikaiona sura yangu ilivyo.

Dawa haipo, Shangazi. Haikuwahi kuwepo. Usimalize hata salamu zangu. Mwite binti yako, mwende hospitali leo hii, na wakisema kisu, kubali. Muuguzi aliyekuletea barua hii ameahidi kukusindikiza hadi kwa daktari. Nimemweleza kila kitu, pamoja na kosa langu, ili usilazimike kulieleza wewe.

Nimeomba ruhusa kazini. Alhamisi nitakuwa hapo. Kama hutaki kuniona nitaelewa, nitakaa kwenye benchi nje ya wodi. Siombi uniite. Naomba tu uwe ndani.

Nisalimie Baba na wote wanaoniulizia. Waambie ukweli kama nilivyouandika, usinipunguzie.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako