Bomba Lililovaa Kravati

Alhamisi, mwezi wa saba. Upepo wa ziwa umevuma tangu alfajiri na mikono yangu imekauka. Naandika nikiwa jikoni, karibu na makaa, maana ndipo penye joto.

Leo bomba la uani limekatwa.

Ni jambo dogo, najua. Lakini nimelikwepa tangu tulipomzika mume wangu, Papa Riziki. Siku zile za matanga maji yaliacha kufika kwenye mdomo wa bomba, yakawa yanavujia ardhini, na binti yetu Riziki akaanza kuteka kwa Mama Sifa, jirani yetu wa chini, akipanda nayo kilima kabla ya shule. Jana aliteleza na ndoo. Goti lilichubuka vibaya. Hakulia. Alisema tu, "Mama, maji yote yamemwangika," kama vile yeye ndiye wa kuomba radhi.

Nikaona aibu. Nikaenda mwenyewe kumwita fundi.

Sikuwa namwogopa fundi. Nilikuwa naogopa fundo.

Kabla Riziki hajazaliwa, karakana ya reli ilimpeleka baba yake Ubelgiji kujifunza kazi, akakaa huko majira yote ya baridi. Alirudi na kravati ya buluu yenye vidoadoa vyeupe, na hofu moja. Kravati hakuweza kuivaa. Kwetu wanaume wote ni abakosi, ile suti ya serikali isiyo na kravati, na mtu wa kravati anatafuta matata. Hofu ilikuwa ya maji. Katika nyumba aliyopanga kule, asubuhi moja alifungua bomba, kimya. Maji yalikuwa yamegeuka jiwe humo ndani. Akalizungushia taulo, akamwagia maji ya moto polepole, vidole vikiuma kwa baridi. Barafu ilipoyeyuka ndipo alipoona kwamba bomba lilikuwa limepasuka zamani, na jiko zima likafurika. Kila aliposimulia habari hiyo alisimama, kama miguu yake bado imelowa.

Basi upepo wa mwezi wa saba ulipoanza, alichukua kikwembe changu cha zamani, kitenge cha kujifunga, bila kuniuliza, akakichana, akalivisha bomba letu kutoka ardhini mpaka juu. Halafu akakikaza kitambaa kwa ile kravati, na fundo lake kamili la mtu wa ofisi. Nikamwambia huku hakuna barafu. Akanijibu, "Maji hayajui kama tuko Kalemie."

Majirani walikuja kutazama. Mama Sifa hakupita uani bila kulisalimia kama mkubwa wa ofisi: "Bonjuru, Mushe Direkteri! Leo hauendi ku biro?" Alikuwa akisema katika Zaire yote ni bomba letu peke yake lenye ubishi wa kuvaa kravati. Papa Riziki alicheka mpaka akakohoa.

Na jioni za baridi aliliacha bomba lidondoke kidogo ndani ya beseni, ili maji yasilale. Akishaanza kukoroma, mimi nilikuwa nainuka kulifunga. Asubuhi alikuta limefungwa, na jioni akalifungua tena.

Fundi, Papa Mulongo, alichuna kile kitambaa kwa kucha, akakinusa, akaligonga bomba kwa kidole.

"Mama, hii kitambaa njo imekula tiyo. Inakunywa maji, haikauke. Kutu imeingia mpaka ndani. Nani aliifunga hivi?"

"Bwana yangu. Alikuwa anaikinga na baridi."

"Baridi?" Akatazama mbingu, akatazama ziwa. "Baridi ya hapa Kalemie?"

Nikacheka. Kicheko kilitoka chenyewe, cha kwanza tangu matanga. Halafu hakikuwa kicheko tena. Papa Mulongo akaweka msumeno chini, akajifanya anatafuta kitu ndani ya mfuko wake. Namshukuru kwa hilo.

Alikuwa analikinga, na kule kulikinga ndiko kulikoliharibu. Nimeligeuza neno hili moyoni mchana kutwa na sijui niliweke wapi.

Alipotoa kisu ili aikate kravati, nilimshika mkono. Nikamwambia kwamba mimi sijui kuifunga. Ikishafunguka, hakuna wa nyumba hii atakayelirudisha fundo lile. Alinitazama kidogo.

"Basi tukate tiyo, Mama. Kravati tuiache."

Akakata juu, akakata chini. Kravati akaivuta ikatoka kwenye ncha ya bomba, kama pete inavyotoka kidoleni. Kitambaa kilisagika mikononi mwake, isipokuwa kipande kimoja kilichokuwa chini ya fundo. Hicho jua halikukifikia. Kilikuwa bado chekundu, kama siku niliyokinunua.

Mama Sifa alisikia msumeno, akapanda. Alilikuta bomba liko uchi, na kipande kipya kinang'aa katikati. Nikangoja utani wake.

"Mushe Direkteri amevua kravati," alisema, kwa sauti ndogo sana. Akajipangusa macho kwa ncha ya kikwembe.

Maji yalitoka na rangi ya kutu, kisha yakawa meupe. Riziki alijaza ndoo, akatembea nayo hatua chache tu mpaka mlangoni, huku akichechemea, akaitua. Akarudi kuchota nyingine ambayo hatukuihitaji.

Papa Mulongo ameniambia nisilifunike tena, niliache lipate hewa. Sitalifunika. Kravati nimeitundika kwenye msumari karibu na kitanda. Ina alama za kutu, na fundo bado ni lake.

Jioni hii baridi imezidi. Nimelifungua bomba kidogo tu, linadondoka ndani ya beseni, nalisikia kutoka hapa nilipo.

Leo sitainuka kulifunga.