Mstari Nyuma ya Poni

Lurujo, Koboko
12 Machi 1989

Mtoto wangu Jenifer,

Afya iko? Mguu ulioungua umepona? Sisi tuko, ila mgongo unanisumbua.

Habari ya mama yako usiisikie kwa mtu mwingine, sikia kwangu. Jana RC, baraza la kijiji, iliita mkutano. Kaka yetu Dumo anasema nyumba na shamba alivyoacha marehemu baba yako ni vya ukoo, basi mama yako Poni aolewe na yeye Dumo ama atoke. Nilikasirika mpaka kofia yangu nyekundu ya jeshi ikapanda yenyewe kichwani. Mara Mama Drateru wa Ediofe akafika na baiskeli, yule anayepigania wajane. Mwanamke mrefu kama mlingoti, sauti yake waliisikia mpaka Zaire. Mimi ndiye nilimshikia baiskeli.

Kura ya siku hizi haina karatasi, unasimama nyuma ya mtu unayemtaka. Mimi nilikuwa wa kwanza nyuma ya mama yako. Tulishindwa kidogo tu, maana wanaume wa hapa ni kuku. Ningekuwa na bunduki yangu ya zamani, wangeona.

Usijali, niko.

Baba yako mdogo,
Yakani

Mvara, Arua
2 Aprili 1989

Kwa Yakani,

Natumaini mgongo umepona. Mimi ni mzima, ila nina hasira.

Mama alifika hapa Jumanne na kifurushi kimoja na ufunguo wa kufuli aliyofungia nyumba. Hakulia. Anasema nyuma yake walisimama wanawake tisa na Ladu kipofu. Wewe ulikuwa wa tatu nyuma ya Dumo. Lurujo nzima kofia nyekundu ni moja.

Na Mama Drateru hakuja. Siku hiyo alikuwa kitandani na malaria, mimi ndiye nilimpelekea uji. Huyo mama alifukuzwa kwake mwaka 1979, mumewe alipofariki, akalala kwenye baraza ya kanisa na watoto wanne. Ndipo akaanza kwenda kijiji kwa kijiji, wakati hakuna mwanamke aliyethubutu kusema mkutanoni. Mpaka leo anatukanwa, hata na wanawake anaowatetea. Nilijisifu kwake kwamba nina baba mdogo jasiri Koboko. Sasa nimwambie nini?

Simba uliyemuua kwa sufuria nilimkubali. Hii sikubali. Mtoe huyo mama kwenye hadithi zako.

Jenifer, mtoto wa Loku

Lurujo
20 Juni 1989

Mtoto wa Loku,

Hujambo? Na mama yako, anakula?

Barua yako niliichana, halafu nikaiokota. Ni kweli. Nilikuwa nimeanza kwenda kwa Poni. Mtu akasema nyuma yangu, “Yakani naye ameolewa.” Watu wakacheka. Nikageuka.

Jumamosi Mama Drateru amekuja kweli. Kumbe ni mfupi, sauti ndogo, anakohoa. Alimbana mwenyekiti mpaka mstari ukaitwa tena, akasimama mahali pa mama yako. Dumo akamwita malaya mbele ya watu wote. Aliuliza tu, “Msingi wa ile nyumba alichimba nani?”

Kila mtu anajua ni Poni, Loku alikuwa jeshini. Nikaenda nyuma ya Mama Drateru. Yule aliyenicheka siku ile akacheka tena. Nilibaki pale pale.

Sisi kumi na tisa, wao thelathini. Tumeshindwa tena. Mama Drateru ameandika majina yetu, amepeleka wilayani. Amesema mpaka wilaya ijibu, kufuli isiguswe.

Jana Dumo alikuja na nyundo kuivunja, akanikuta mlangoni. Alinipiga mara moja, jino moja limetoka. Ningependa kukuambia nami nilimpiga. Sikumpiga. Ila sikutoka.

Kufuli iko. Naandika nimekaa hapa hapa mlangoni.

Yakani, mdogo wake Loku

Mvara
28 Juni 1989

Baba mdogo,

Pole na jino. Sukutua na maji ya chumvi.

Mama anakuja na lori la Jumatatu, pamoja na Mama Drateru. Ufunguo anao. Bado amekukasirikia: anasema akifika umpishe mlangoni, na chai hatakupikia.

Mama Drateru nimemsomea barua zako zote mbili. Anasema safari hii umshikie baiskeli kweli.

Mtoto wako,
Jenifer